Mwajuma, usisaini chochote

Ujiji, Kigoma

Shoga yangu Mwajuma,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, ila mvua haikatiki na dagaa hawakauki. Mama anakusalimu sana. Barua nampa Mama Rehema, anapanda treni jioni hii, maana simu yako najua inashikwa na wengine.

Ujumbe wako umeninyima hamu ya kula. Kwamba Juma amekuandikia talaka, hilo tuliliona likija. Lakini wazee wake kukuletea karatasi usaini kwamba watoto wabaki kwao, eti mtoto ni wa baba! Usisaini, Mwajuma. Nakuomba sana.

Talaka hiyo ina taratibu zake kidini, mambo ya eda na mengineyo shehe atakueleza. Ila kiserikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa ivunjwe na mahakama, iwe ya Kiislamu, ya Kikristo au ya kimila. Na huanzii mahakamani. Unaanzia Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata au la BAKWATA, baraza kuu la Waislamu. Na Juma ataitwa, mtasikilizwa wote wawili. Wakishindwa kuwapatanisha wanatoa hati, ndiyo unayoambatanisha unapofungua shauri. Zuhura, alipoachana na mumewe, alikwenda bila hati, wakamrudisha siku hiyo hiyo na nauli yake ikapotea bure. Ukishaipata usiiweke sandukuni: shauri lifunguliwe kabla haijapita miezi 6 tangu itolewe. Mahakama ya Mwanzo hapo hapo Tabora inaweza kulisikiliza.

Sasa watoto. Mahakama haiulizi ni wa ukoo gani, inaangalia kwanza ustawi wa mtoto. Kwa aliye chini ya miaka 7, sheria inachukulia kuwa ni heri akae na mama yake, na inaona vibaya mtoto wa umri huo kuhamishwahamishwa. Mariamu ana miaka 4, yumo humo. Juma anaweza kuleta ushahidi wa kupinga, ndiyo maana nakwambia usiwaachie watoto hata kwa wiki moja ukaenda kupumzika kwa dada yako.

Wa kunipa mawazo ni Idi. Miaka 9, anaweza kuulizwa anataka kukaa na nani, na mahakama hailazimiki kuwaweka watoto wote kwa mzazi mmoja. Usimfundishe la kusema. Mwache aseme yake, anakupenda yule mtoto.

Kwa Zuhura hakimu alimuuliza baba: mtoto yuko darasa la ngapi, akiumwa anapelekwa wapi? Shemeji akageuka kumtazama mama yake. Zuhura akatoa kadi ya kliniki, imechanika katikati na kuungwa kwa selotepu, chanjo zote zimo. Hakimu aliishika muda mrefu, akafungua ukurasa mmoja mmoja.

Wasikutishe pia kwamba ukiwachukua utawalisha peke yako. Baba ana wajibu wa kuwatunza watoto wake hata wakiwa kwako, na mahakama inaweza kuamuru atoe matunzo.

Na ile nyumba ya Isevya, hata kama hati ina jina lake, mchango wako unahesabiwa. Hela ya maandazi uliyonunulia mabati ni mchango. Kupika, kufua na kulea navyo ni mchango, Mahakama ya Rufani ilikubali hivyo tangu 1983 katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mgao unategemea ushahidi, kwa hiyo kila risiti itunze. Lakini nyumba itasubiri, watoto kwanza. Karatasi ile, Mwajuma, hata wakija na shangazi yake analia, usiiguse.

Umeshafika kwa mwenyekiti wa mtaa? Cheti cha ndoa unacho wewe au kiko kwa Juma? Na vyeti vya kuzaliwa vya watoto? Idi anakwenda shule bado, au wamemzuia? Nani alikuwepo siku ile ya talaka, na atakubali kuja kusema? Usiku unalala na nani humo ndani? Nikija kukusindikiza barazani, siku gani itakufaa?

Wako,
Tatu