Ziwa Nyasa lini?

Mhariri,

Mwaka 2024 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika miezi mitatu, tangu katikati ya Mei, samaki wazaliane. Sisi wa Kyela tunauliza: Ziwa Nyasa lini? Samaki wetu mbasa hupanda mitoni kutaga mayai. Mvuvi wa huku akisubiri, wa ng'ambo akaziba mdomo wa mto kwa nyavu, tumefanya nini? Wala tusijisafishe, huku kwetu makokoro ya vyandarua yanazoa hadi vifaranga vya usipa, dagaa wa ziwa hili, mchana kweupe. Tanzania, Malawi na Msumbiji zipange miezi ileile na matundu yaleyale ya nyavu. Ubishi wa mpaka ziwani usubiri, samaki hana pasipoti. Na BMU, yaani vikundi vya usimamizi wa uvuvi mwaloni, zishirikishwe mapema, si kubandikiwa tangazo mwaloni.

Mkazi wa Kyela, Mbeya