Barua kwa mwanangu: kapkeki za katuni

Mwanangu,

Picha ya kapkeki za katuni uliyonitumia kwenye simu, ukiniuliza utapambaje kama zile kwa siku ya kuzaliwa ya mjukuu wangu, nimeiona. Mama yako kaiona, na jirani aliyekuja kuazima ngazi naye kaiona. Zimependeza, sibishi. Ila zile si kapkeki za mtu anayepamba usiku jikoni kwake, mtoto kalala, na asubuhi kazi inamsubiri. Kila moja imevishwa fondanti, ule ukandiko wa sukari unaosukumwa kama chapati, toka utosini, ina masikio ya kuchonga, kofia, mpaka vifungo vya shati. Hiyo ni kazi ya mtu anayelipwa. Na watoto wenyewe unawajua: wataibandua ile fondanti, wataipanga pembeni ya sahani, watakula keki.

Umeniuliza mimi badala ya mama yako kwa sababu unajua kuta za chekechea za hapa Tanga zilivyojaa katuni za mkono wangu. Umefanya la maana. Habari za unga na mayai anazo yeye, na maneno yake nitayaandika huko chini kama alivyoyasema, maana kakaa hapa ananisomea. La kuchora niachie mimi.

Katuni, mwanangu, haikubuniwa iwe ngumu. Mickey Mouse alipotokea mwaka 1928, kila picha ilichorwa kwa mkono, na sekunde moja tu ya filamu inapitisha picha 24. Mtu mwenye kuchora panya yuleyule mara maelfu hana muda wa kuhangaika na manyoya. Ndiyo maana kichwa kikawa duara, masikio duara mbili, tena yakabaki duara hata panya akigeuka pembeni. Baadaye wakamvisha glavu nyeupe ili mikono isipotee mbele ya mwili mweusi. Yote hayo ni ufundi wa kupunguza kazi. Sasa wewe unataka kuchukua kitu kilichopunguzwa na mafundi, ukiongezee vifungo vya shati?

Kwa hiyo usiige picha. Tafuta alama. Kila katuni ina alama mbili, tatu zikizidi sana, ambazo ukiziweka mtoto anataja jina, na ukiziondoa hata uchore mwezi mzima hakuna anayemjua. Kwa Mickey ni masikio. Weka krimu nyeusi, chomeka biskuti mbili ndogo za mviringo za chokoleti kwa juu, kazi imekwisha. Hata uso si lazima. Kama mjukuu wangu anamtaka Akili, yule binti wa miaka minne wa kwenye televisheni anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, usihangaike kutafuta picha kubwa mtandaoni. Mpe penseli mchumba wangu huyo, mwambie, "Nichoree Akili." Angalia anaanza na nini na kipi hakikosi. Hicho ndicho unachoweka kwenye keki. Atakachokisahau yeye, wenzake darasani nao hawatakiulizia.

Na iwe katuni moja tu. Najua unawaza kuchanganya watano sita, sinia lichangamke. Usithubutu. Katuni wakiwa watano, watoto wanane watamtaka mmoja huyohuyo, na wa mwisho kwenye foleni atalia mpaka mama yake aje kumchukua. Tofautisha rangi ya karatasi za chini kama unataka uchangamfu, sura zifanane.

Sasa macho. Hapa ndipo watu wanapoharibu, hata wenye mikono mizuri. Uso wa kapkeki una upana wa sentimita sita au saba, na mtu akiona nafasi ndogo hupenda kuyapandisha macho juu ili mdomo upate pa kukaa. Sura inakuwa ya mtu mzima mwenye madeni. Yashushe. Yaweke kwenye mstari wa kati au chini yake kidogo, na uyaachanishe kuliko unavyodhani inafaa; sura inageuka ya kitoto hapohapo. Tia kwanza doa kubwa la krimu nyeupe, juu yake doa jeusi. Kisha kwa ncha ya kijiti cha meno weka nukta nyeupe ndani ya lile jeusi, kubwa kama punje ya ulezi. Hiyo nukta ndiyo mwanga, na bila hiyo jicho limekufa. Macho yote mawili iwe upande mmoja, kulia na kulia au kushoto na kushoto, kwa sababu mwanga hautoki pande mbili. Ukikosea upande mmoja, katuni atakuwa kengeza. Macho yote yapige kwanza kwenye kapkeki zote, halafu ndiyo urudi kwenye midomo. Mkono ukizoea jambo moja unalifanya sawasawa.

Nyeusi yenyewe ina mambo yake. Sisi mafundi wa kuchora hatutengenezi rangi nyeusi kwa kuanza na kopo la nyeupe, na wewe usimwage chupa nzima kwenye krimu nyeupe, utapata kijivu kisha uchungu. Anza na krimu uliyotia kakao, iwe kahawia iliyokolea, ndipo utie rangi nyeusi kidogo. Ifunike, ilaze usiku kucha. Rangi ya chakula huendelea kukolea ikikaa, nyeusi na nyekundu hasa, kwa hiyo ukiiona bado haijafika jioni usiongeze kwa hasira. Nunua ile nzito ya jeli. Ya maji inalainisha krimu, mistari inatambaa.

Kama ni lazima uwe na sura yenye mistari mingi, kuna njia ambayo mimi nimeipenda kwa sababu ni kazi yangu ileile ya kuandika vioo vya maduka kwa ndani. Unakumbuka nilivyokuwa naandika herufi kinyumenyume, na kinachoonekana mbele ndicho ninachokipaka kwanza? Chukua picha ndogo ya katuni, iweke chini ya karatasi ya plastiki ngumu, ile ya kufunika mafaili, iwe safi na mpya. Yeyusha chokoleti nyeusi kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, na tone la maji lisiingie, maana chokoleti itagandamana iwe kama mchanga na haitarudi. Itie kwenye mfuko wenye tundu dogo, fuata mistari: macho, mdomo, ukingo wa uso. Tia kwenye friji dakika chache ishike. Kisha jaza rangi za katikati kwa chokoleti nyeupe uliyoitia rangi, hapo tu uwe na rangi ya mafuta au ya unga, ya jeli ina maji na itaigandamanisha vilevile. Rudisha kwenye friji. Ikishaganda bandua taratibu, igeuze, na upande laini uliokuwa umelalia plastiki ndio uso. Bandika juu ya krimu. Ila kumbuka sura itatoka imegeuka kulia kushoto. Kama kuna herufi, ziandike kinyume. Uzuri wake, hizi unaweza kuzitengeneza siku kadhaa kabla na kuzihifadhi kwenye kopo.

Haya, mama yako. Anasema pima mayai kwanza. Mayai manne yapime na maganda yake. Yakiwa gramu 240, basi unga 240, sukari 240, siagi 240. Baking powder vijiko viwili vya chai, iliki ya kutwanga, na asije akasikia umetia arki ya vanila kwa kukosa iliki, anasema iliki iko kila duka. Karatasi ijae theluthi mbili tu. Oveni nyuzi 180, dakika kama 20, zitatoka kapkeki 20 hivi. Lakini kwa kazi ya kuchora mimi nimemwomba zisifure kichwa, akasema shusha moto uwe 160 na uziache muda zaidi, zitapanda polepole na kubaki bapa. Zikipasuka juu kata kwa kisu, kile kichwa ni cha mpishi. (Yeye alijifunza kwa mkaa, moto mwingi juu ya mfuniko na mdogo chini, na anasema hajawahi kuona keki ya oveni yenye harufu ile. Nimeandika kama alivyoagiza.)

Krimu ni siagi sehemu moja na sukari ya aisingi, ile laini kama unga, sehemu mbili. Piga siagi peke yake kwanza mpaka iwe nyeupe, ndipo sukari iingie kidogo kidogo. Huku kwetu pwani siagi tupu ni kujitafutia aibu, pua ya katuni inafika kidevuni kabla wimbo wa "happy birthday" haujaisha, ndiyo maana mama yako huchanganya nusu siagi nusu mafuta meupe ya mgando. Dodoma usiku kuna ubaridi, wewe tumia siagi yote, ni tamu zaidi. Ila ukavu wa huko utaipasua fondanti: kipande usichokitumia kifunge kwenye nailoni papo hapo. Na kapkeki zipoe kabisa. Zikiwa na joto hata la kuhisi kwa shavu, usiguse mfuko wa krimu.

Kuna jambo moja sitaki ulichukulie juujuu. Ule unga wa kumetameta wa dhahabu na fedha unaouzwa kwenye vichupa vidogo, mwingine ni wa kupambia maua ya bandia, si wa kuliwa. Oktoba 2018 huko Rhode Island, Marekani, watoto sita waliugua baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa iliyopakwa unga wa dhahabu. Ulipopimwa ukakutwa na shaba nyingi. Kichupa kikiandikwa kwamba hakina sumu, hayo bado si maneno ya kukuambia kinalika. Mimi nimesoma makopo ya rangi maisha yangu yote, najua lugha zao. Tafuta orodha ya viambato. Pasipo na orodha, rudisha rafuni.

Hata rangi za kawaida zisome. Ulaya, tangu Julai 2010, chakula chenye mojawapo ya rangi sita maalumu, tartrazini yenye namba E102 ikiwamo, kinatakiwa kiwe na onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na usikivu wa watoto. Sisemi kapkeki moja itamdhuru mtu. Nasema tu, kwa njano huna haja ya kuinunua, chembe ya manjano ya unga ndani ya krimu inatosha, ukitia kidogo hakuna atakayeisikia. Kwa waridi, maji ya bitiruti yaliyochemshwa yakabaki mazito. Vijiti vya meno visibaki ndani ya keki hata kimoja, na karanga nzima au pipi ngumu kwa macho usiweke. Kuna wadogo zao watakaokuja na wakubwa.

Nimekukatia plastiki za mafaili kwa ukubwa unaotakiwa, na mama yako katia nozeli zake mbili za namba ndogo, vile vimdomo vya mfuko wa krimu, anazitaka zirudi. Mzigo unapanda basi la kesho asubuhi, uliza ofisi yao stendi, nimeandika jina lako na namba ya simu juu ya bahasha. Niambie leo jioni mchumba wangu kachagua katuni gani, nikuchoree mistari yake kwa wino kwenye karatasi, iende na mzigo huohuo.

Baba yako