Goti lenye usaha lioshwe, lisinyweshewe vidonge tu

Mhariri,

Goti lililopasuliwa likivimba upya, likawa la moto na mgonjwa akashindwa kulikunja hata kidogo, si la kuandikiwa vidonge na kuambiwa "rudi wiki ijayo". Usaha hula gegedu, ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, na gegedu likishaliwa halioti tena.

Kwanza maji ya goti yavutwe kwa sindano, yahesabiwe chembe nyeupe na kuoteshwa maabara, kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. Dawa ikitangulia, jibu huweza kurudi "hakuna kilichoota" na daktari akabaki kubahatisha. Asiyesubirishwa ni yule ambaye maambukizi yameshaingia kwenye damu na presha inashuka.

Kisha mgonjwa aende chumba cha upasuaji. Maji ya kuoshea goti ni ya chumvi ya asilimia 0.9, lita 9 au zaidi, mpaka yanayotoka yawe safi kabisa. Penye chupa za nusu lita, hizo ni 18: zihesabiwe kabla mgonjwa hajapanda mezani, maana zikiishia njiani kazi hukatishwa uchafu ungalimo. Goti likunjwe na kunyooshwa wakati maji yanapita ili yafike nyuma na kwenye mfuko ulio juu ya kifuniko cha goti. Hata hivyo maji peke yake hayatoshi. Usaha ulioganda kwenye utando wa ndani wa goti kama ukoko wa sufuria lazima ubanduliwe, kwani bakteria hujificha humo.

Tunasisitiza: haidrojeni peroksaidi na klorheksidini, dawa za kuulia vijidudu, zisimiminwe ndani ya goti. Povu huonekana kama usafi, kumbe dawa hizo huua chembe hai za gegedu.

Wengine huacha mirija miwili wodini, mmoja wa kuingiza maji na mwingine wa kutoa. Huziba upesi. Ikiingia lita moja na kutoka mililita 600, zilizobaki zinajaa kwenye goti na nyama za mguu, hivyo maji yafungwe mara moja. Afadhali kumrudisha mezani baada ya siku mbili au tatu kama homa, maumivu na kipimo cha damu cha CRP, kinachopanda mwili unapopambana na maambukizi, havijashuka.

Goti bandia hufunguliwa wazi, kipande chake cha plastiki hubadilishwa, na sampuli tano za nyama hupelekwa maabara. Rifampisini, tunayoijua kwa kifua kikuu, husaidia hapo dhidi ya bakteria aina ya stafilokoka, ila isitolewe peke yake: bakteria huizoea ndani ya siku chache.

Wahudumu wa upasuaji wa mifupa,
Moshi