Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS): Magari Yasifike Ziwa Ellis

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kwa heshima kuhusu Ziwa Ellis, lililoko karibu mita 3,500 juu ya usawa wa bahari katika nyanda za nyasi za mashariki mwa Mlima Kenya, ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1949 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997. Naomba magari yazuiwe mbali na ziwa hilo, na wageni wamalizie safari kwa miguu.

Udongo wa huko juu ni mweusi na laini, nao hushika maji ya mvua na ukungu kama sifongo, kisha huyaachilia polepole kwenye vijito vinavyoshuka hadi Mto Tana. Gari likiacha njia, hasa baada ya mvua, magurudumu huzama na kuacha mifereji. Mvua inayofuata huichimba zaidi, na dereva ajaye, kwa kuogopa kukwama, huchepuka pembeni na kukanyaga nyasi ambazo hazijaguswa. Ndivyo njia moja inavyozaa tano. Usiku maji huganda huko, na mimea hukua taratibu mno. Kilichosagwa kwa dakika moja hakirudi kwa msimu mmoja.

Moto unanitia hofu zaidi. Senesio, miti ile mirefu yenye vichwa vya majani mapana, haiangushi majani yaliyokauka, bali huyaacha yamezunguka shina ili yalikinge dhidi ya baridi ya usiku. Cheche ya moto wa kambi ikitua hapo, kinga hiyo hugeuka kuni. Moto wa mwaka 2012 ulituonyesha jinsi nyanda hizi zinavyoteketea upesi.

Watakuwapo watakaosema kwamba aliyelipa kiingilio ana haki ya kulifikia ziwa, na haki hiyo siipingi hata kidogo. Mwendo kutoka barabara ya Chogoria mtu mwenye afya anaumudu, wasioweza kutembea wanaweza kupewa kibali maalumu, na mizigo itawapa kazi wapagazi wetu.

Kwa hiyo naomba kizuizi kiwekwe kabla ya mvua za masika, mifereji iliyokwisha kuchimbika ifukiwe, na moto wa kuni usiruhusiwe kabisa kando ya ziwa.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Chogoria, Kaunti ya Tharaka Nithi