Kwa nini laptopu zetu za mtumba zina bei ile, na waranti inaishia wapi

Hakuna wiki inayopita bila mtu kuingia dukani na simu mkononi, akatuonyesha tangazo: Core i7, RAM 8, diski 500, laki mbili na nusu, mzigo uko Kariakoo. Anaitazama yetu, Core i5, laki tano na nusu, anauliza kwa nini tunawaumiza watu wa Kusini. Mwezi uliopita lawama hiyo ilikuja kwa ukali zaidi. Mwalimu mmoja wa Tandahimba aliyenunua kwetu aliandika kwenye grupu la walimu wenzake kwamba waranti yetu ni ya mdomoni tu: alirudisha mashine ikiwa mbovu, tukamkatalia. Ujumbe ule umefika mpaka Newala. Mwalimu tumekaa naye na shauri lake limekwisha, lakini waliousoma ni wengi, na wengine wameanza kutuuliza hapa hapa Mtwara mjini. Tutaeleza yote, bei na waranti kwa pamoja, kwa sababu waranti tunayokupa imo ndani ya bei ile ile unayoilalamikia.

Laptopu hizi zilikuwa za makampuni na ofisi za Ulaya na Marekani. Huko mfanyakazi hubadilishiwa mashine baada ya miaka mitatu au minne, ikiwa bado nzima, na zile za zamani zinauzwa kwa jumla. Nyingi hupitia Dubai, zikaingia Dar es Salaam, sisi tukazifuata. Ndiyo maana rafu zetu zimejaa ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP. Ni mashine za kazi, zinafunguka kwa skrubu za kawaida na spea zake hazisumbui. Shida ni kwamba mzigo unakuja umechanganyika. Boksi moja lina mashine iliyokaa mezani maisha yake yote na nyingine iliyomwagikiwa kahawa, na kwa nje zote zinang'aa, maana wauzaji wa jumla ni hodari wa kufuta na kubandika stika mpya kwenye kibodi. Mkulima wa huku anajua kuwa ghalani gunia la korosho halipokelewi kwa kutazamwa: korosho zinakatwa, unyevu unapimwa, ndipo inatamkwa daraja la kwanza au la pili. Laptopu nayo inataka hivyo.

Kwetu kila mashine inafunguliwa. Vumbi linapulizwa, feni inasafishwa, na ile pasta ya prosesa iliyokauka inakwanguliwa na kupakwa mpya. RAM, ile kumbukumbu ya kazi ya mashine, inapimwa usiku kucha. Diski inasomwa afya yake na saa ilizofanya kazi. Betri tunaipima kwa ripoti ya Windows yenyewe, na hii hata wewe unaweza kuifanya mbele ya muuzaji yeyote: fungua ule ukurasa wa kuandikia amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili inayotengenezwa. Utaona namba mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo inaojaa leo. Kama ilianza na 50,000 na leo inajaa 20,000, betri hiyo imekwisha hata kama muuzaji anaapa kwamba inakaa saa nne. Sisi tunaibadilisha, au tunakuambia mapema na kukupunguzia bei. Mteja anayeomba kuiona ripoti hiyo tunampenda sana.

Halafu kuna kufuli, na hapa ndipo watu wanapoumia vibaya. Laptopu ya ofisi inaweza kufika Kariakoo ikiwa bado imesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni iliyokuwa ikiimiliki. Fundi anaipiga Windows bila intaneti, inafunguka vizuri, anaiuza. Siku mwenye nayo akiipiga upya ikiwa kwenye intaneti, kunatokea jina la kampuni ya ng'ambo linalomtaka aingie kwa barua pepe ya kazi. Mwanafunzi mmoja wa Stella Maris alituletea ya namna hiyo. Alikuwa ameinunua kwa mtu waliyekutana kwenye simu, bumu lake, yaani fedha ya mkopo wa chuo, karibu lote likaishia pale, na yule mtu hapokei tena. Ilituuma, lakini hatukuwa na la kumfanyia, kwa sababu anayeweza kuitoa mashine kwenye usajili ule ni kampuni yenyewe. Nyingine zinakuja na neno la siri la BIOS, ile programu ya ndani inayowaka kabla ya Windows. Mtaani watakuambia uchomoe betri ndogo ya saa litafutika. Kwenye ThinkPad za ofisi halifutiki hivyo, na tiba inayotambuliwa na watengenezaji wenyewe ni kubadilisha bodi nzima. Sisi kabla ya kuandika bei tunaiwasha kila mashine kutoka sifuri ikiwa kwenye intaneti, na tunaingia BIOS. Yenye kufuli inarudi Dar es Salaam kwa gharama yetu.

Sasa hiyo Core i7 ya laki mbili na nusu. Hilo ni jina la prosesa, ubongo wa mashine. Usiishie kusoma i7, soma namba zinazofuata. i7-4600U ni kizazi cha nne na ina kori mbili. i5-8250U ni kizazi cha nane na ina kori nne. Yenye jina dogo ndiyo yenye nguvu zaidi, na watu wanalipa fedha kwa kufuata jina. Zaidi ya hapo, Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Wapo mafundi wanaoilazimisha ikaingia kwenye kizazi cha nne, na inawaka kweli, lakini Microsoft hawakuhakikishii masasisho kwenye mashine hiyo. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anayeingiza malipo ya wakulima, au mama wa steshenari anayepokea flashi za kila mtu mjini, hatumuuzii mashine ya namna hiyo tukamwambia yuko salama. Mtu wa kuchapa barua na kutazama mpira, tunazo za kizazi cha sita kwa laki tatu na kidogo, na tunamweleza kabisa kwamba anachukua mashine ya namna gani.

Njia ya mkato tunayoiona kuliko zote ni hii: "Nipe ya bei ya chini, RAM nitaongeza mwenyewe baadaye." Kuongeza si vibaya. Tatizo ni kwamba mashine yenyewe ndiyo inayoamua kama inaongezeka, na hilo linajulikana siku ya kununua. ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM. Ndugu yake T480s, anayefanana naye kwa jina na sura, RAM moja imechomewa kwenye bodi na nafasi iliyobaki ni moja. X1 Carbon imechomewa yote, utakufa nayo ulivyoinunua. Mama mmoja wa Mikindani alijipatia laptopu nyembamba, nzuri ya kutazama, RAM 4, akaagiza kijiti cha RAM 8 na kutuletea tumwekee. Tulipofungua hapakuwa na mahali pa kukichomeka, na hata diski ilikuwa chipu ya GB 64 iliyochomewa. Kijiti kile alirudi nacho nyumbani. Kuna pia RAM za DDR3 zinazouzwa rahisi ambazo haziingii kwenye nafasi ya DDR4. Na SSD, yaani diski za chipu zisizozunguka, zile nyembamba kama ubao mdogo zote ni M.2 kwa umbo, lakini nyingine ni SATA na nyingine ni NVMe, na mashine isiyosoma NVMe haitaiona kabisa. SSD ya terabaiti mbili kwa bei ya chakula cha mchana usiiguse. Ndani yake kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa ukubwa, na faili zako zitaanza kupotea ikijaa kidogo tu.

Ukituuliza uanze na nini, mashine yenye diski ya kuzunguka tunaiwekea SSD kwanza. Hakuna badiliko jingine utakalolihisi kama hilo. Baada ya hapo, RAM kutoka 4 kwenda 8. Ya 16 ni ya watu wa video, wachora ramani za majengo na wale wanaofungua kurasa thelathini kwa mpigo. Na kama unaihitaji, ichukue siku unanunua, kwa sababu siku hiyo ufundi tunakufanyia bure na waranti inaifunika. Kusubiri nako kuna hasara yake: tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, viwanda vinapeleka chipu kwenye mitambo ya akili mnemba, na waliosema wataongeza baadaye sasa wanalia na sisi kana kwamba sisi ndio tuliopandisha.

Mwalimu wetu alipita hapo hapo. Alichukua T470 ya RAM 8, tukamshauri 16, akasema atajipanga. Baada ya muda akaipeleka kwa fundi aliye karibu naye, shilingi elfu kumi za ufundi. T470 ina betri mbili, ya nje inayochomoka na ya ndani isiyoonekana. Kabla ya kufungua unaingia BIOS na kuizima ile ya ndani, la sivyo bodi bado ina umeme. Fundi alitoa ya nje akaona imetosha. Bisibisi ikagusa pasipostahili na mashine ikaacha kuchaji. Ilipotufikia, muhuri wetu ulikuwa umekatwa, skrubu mbili hazimo na alama ya kuungua inaonekana kwa jicho. Hilo ndilo tulilolikataa. Bodi tumeitengeneza. Mwalimu amelipia kifaa, ufundi tumemwachia, na mashine anayo darasani sasa hivi.

Muhuri hatukuuweka kumfunga mteja. Tukijua mashine haijafunguliwa, hatubishani naye. Ikifa tunajua imekufa yenyewe, na tunatengeneza bila swali. Waranti yetu ni miezi sita kwa bodi, skrini, RAM na diski, na mwezi mmoja kwa betri na chaja, kwa kuwa vitu hivyo viwili vinaliwa na matumizi kila siku. Haihusu kuanguka, maji, wala umeme uliorudi kwa kishindo. Maji yanajionyesha, yanaacha ukungu wa kijani na mweupe kwenye bodi hata mteja akisema haijawahi kulowa. Wa Shangani na wengine walio karibu na bahari tunawaomba wasiiache dirishani usiku, hewa ya chumvi inakula miguu ya chipu taratibu. Chaja nazo zimetuletea ugomvi mwingi. Mashine ya wati 65 ikipewa chaja ya wati 45 ya barabarani, au Dell ikipewa chaja isiyoitambua, itakataa kuchaji au itapunguza mwendo, na mwenyewe atasema tumemuuzia kobe. Njoo na chaja yako kwanza kabla ya kulaumu mashine.

Usidanganywe na anayekuambia laptopu ya mtumba ina waranti ya kiwandani ya dunia nzima. Chukua namba ya usajili (serial number) iliyo chini ya mashine, iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, utaona tarehe. Nyingi zilikwisha zamani. Waranti inayobaki ni ya aliyekuuzia, na thamani yake iko pale alipo na spea alizonazo. Ya Kariakoo ni nauli ya zaidi ya kilomita 500 kwenda, na nyingine kama hiyo kurudi. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, wateja wetu waliharibikiwa kama kawaida na walihudumiwa, kwa sababu skrini, kibodi na betri tunazihifadhi hapa mjini. Fedha ya kuhifadhi spea hizo nayo imo kwenye laki tano na nusu.

Tunauza pia nyongeza ya waranti hadi mwaka mmoja, na si kila mtu tunamshauri ainunue. Mwanafunzi anayebeba mashine mgongoni kila siku, yanayomtokea ni kuanguka na kumwagikiwa, na hayo waranti hayayafuniki. Bora anunue mfuko wenye sponji. Ofisi inayowasha mashine asubuhi mpaka usiku wakati wa msimu wa minada ya korosho, hiyo ichukue. Na katika waranti zote mbili kazi zako hazimo. Karani mmoja alitujia diski imekufa, tukampa mpya siku ile ile, bure, akalia bado, kwa sababu orodha ya wakulima ilikuwa kwenye ile iliyokufa na hakuwa na nakala popote. Nakili kwenye flashi kila Ijumaa, na flashi isikae kwenye mkoba mmoja na laptopu.

Walio Masasi, Newala, Nanyumbu na Nachingwea tunawatumia kwa basi, mashine imefungwa kwa sponji, ndani kuna risiti ya EFD, karatasi ya waranti yenye namba ya usajili na ripoti ya betri tuliyoitoa siku hiyo. Fungua pale pale kwa wakala wa basi, linganisha namba ya karatasi na ya mashine, iwashe, ipige picha. Kasoro ukitueleza ndani ya siku saba, nauli ya kuirudisha ni yetu. Zikipita, nauli ya kuja unalipa wewe na ya kurudi tunalipa sisi, mpaka miezi sita iishe. Ukitaka kuongeza RAM au diski na uko mbali, tupigie kwanza ututajie namba hiyo ya usajili. Tutakuambia bure kama inaongezeka na ununue aina gani, hata kama utaenda kuinunua kwa mwingine.