Alhamisi: nani hubeba kolesteroli ndani ya seli?

Habari za jioni wanakikundi. Alhamisi saa 2 usiku tunaendelea na lipidi, safari hii protini zinazosafirisha steroli, kundi la lipidi ambamo kolesteroli imo. Njooni mkiwa mmelitafakari hili: kolesteroli haiyeyuki kwenye maji, na seli imejaa maji. Inapitaje?

Tutakaa sana kwenye OSBP, mojawapo ya protini hizo, maana ndiyo inayonivutia zaidi. Hufanya kazi pale retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa utando ndani ya seli) inapokaribiana na Golgi (kituo cha kupanga na kusambaza bidhaa za seli). Huchukua kolesteroli kwenye retikulamu na kuipeleka Golgi, kisha hurudi na lipidi nyingine, PI4P, kama daladala isiyokubali kurudi tupu. PI4P ikishafika kwenye retikulamu, kimeng'enya Sac1 huiondolea fosfati, na hapo ndipo inapopatikana nguvu ya kuendesha mzunguko wote. OSBP yenyewe haiunguzi ATP, sarafu ya nishati ya seli. ATP ilishatumika kuitengeneza PI4P kule Golgi. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, kwa hiyo someni taratibu.

Kisha protini NPC2 na NPC1 kwenye lisosomu, kifuko cha kumeng'enya vitu ndani ya seli. NPC2 huidaka kolesteroli iliyoletwa na LDL (chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu) na kuikabidhi NPC1, iliyo kwenye utando, iitoe. Jeni ya mojawapo ikiharibika, kolesteroli hurundikana: ugonjwa wa Niemann-Pick aina C. Wenzetu wa Kongo, mnajua kwamba Ebola nayo huingia kwenye seli kwa kushika NPC1 hiyohiyo? Ilibainika mwaka 2011.

StAR, protini nyingine ya kubeba kolesteroli, tunaiacha hadi kikao kijacho. Maswali yaandikeni hapa kabla ya Jumatano jioni. Sauti za dakika kumi sizisikilizi, mnanijua.