Kwenu viongozi wa vijiwe: mtazameni mfalme wa Kusadikika

Wanangu mliochaguliwa kuongoza vijiwe vya bodaboda huku kwetu Temeke, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na baadhi yenu nimewafundisha darasani. Vyeo mlivyopewa vimebeba fedha za watu na misiba ya watu, ndiyo maana nawaandikia.

Wengi wenu mnaujua Mtaa wa Shaaban Robert, kule mjini kwenye Makumbusho ya Taifa. Mwenye jina hilo, aliyepata kuwa karani wa serikali ya kikoloni, aliandika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, miaka kumi kabla ya Uhuru. Kama mlikisoma shuleni, mlikisomea mtihani. Kisomeni tena, safari hii kwa ajili ya vyeo vyenu.

Kusadikika ni nchi ya kubuni, na humo kitabuni raia wake mmoja, Karama, ameshitakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na mshitaki wake ni Waziri Majivuno. Huyu sina haja ya kumweleza sana, jina lake limeshasema: akiulizwa, ametukanwa, akiletewa wazo jipya, nchi imeingiliwa na adui. Karama hashindani naye kwa makelele. Anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa kutafuta mema ya kuifaa Kusadikika. Walirudi na ushauri, wakafungwa. Utawala uliowatuma ndio uliowatia gerezani!

Wasomaji wengi wakifika mwisho humlaani Majivuno, wakamsifu Karama, wakafunga kitabu. Mimi namtazama mfalme. Waziri mwenye kiburi hamfungi mtu kama mkubwa wake hajaridhia, na mkubwa akikaa kimya, ameridhia. Kwangu ukimya huo ni mzito kuliko ukali wote wa Majivuno. Na ushahidi uko mlemle kitabuni: siku Karama alipoachiwa aseme mpaka mwisho, mfalme alimwachia huru na wajumbe wakafunguliwa. Uwezo huo alikuwa nao siku zote.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona. Nilikuwa nimejikinga mvua kwenye benchi la kijiwe kimoja, kikao cha mfuko wa kufa na kuzikana kikiendelea. Kijana mmoja akaomba daftari lisomwe, ijulikane nani kalipa na nani kakopa. Kiongozi mmoja akamkata kauli: "Wewe umeanza lini kupaki hapa?" Kabla hajajibu, akatozwa faini kwa kuvuruga kikao. Mwenyekiti, mtu mpole ninayempenda, alikuwa anazungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni, macho chini. Hakusema neno. Kijana akatoa hela, akavaa helmeti, akaondoka.

Wenyeviti, upole wa namna hiyo haumlindi mtu. Kazi yenu ni kumwambia anayefoka, hata akiwa rafiki yenu aliyewapigia kampeni, "Kaa chini, mwache mwenzio amalize." Mweka hazina, daftari lisomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi, na alisome mwanachama asiyekuwa kiongozi. Katibu, andika na maswali pia, usiandike maamuzi peke yake.

Nanyi wenye maswali, igeni subira ya Karama: njooni na risiti na tarehe, matusi yaacheni nyumbani. Lakini hili nalisema kwa ufupi, maana mzigo mkubwa uko kwa wenye viti.

Kwa viongozi wa kile kijiwe, mnajijua. Kikao kijacho mrudishieni yule kijana faini yake, mbele ya watu walewale waliomwona akiitoa, kisha mpeni daftari alisome yeye.

Ni mimi mzee wenu,
Mwalimu mstaafu, Temeke, Dar es Salaam